Ukoka wa Mkunga

Kabla hajakanyaga, alipapasa. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kwake, asubuhi ya pili tangu nihamie nyumba iliyopakana na yake, nami nikasema moyoni kwamba nimepanga karibu na mwendawazimu. Mwanamke mzima, mnene kidogo, amelikunja dera lake mpaka magotini, anatambaa juu ya nyasi za ukubwa wa mikeka minne. Macho kayafumba. Viganja vyake vinapita juu ya nyasi, vinarudi, vinabonyeza, vinatua. Alipomaliza upande mmoja alisimama, akavua ndara, akatembea pale pale alipopapasa, hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Kisha akavaa tena ndara zake na kurudi magotini kuanza upande wa pili. Nilisimama dirishani na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Mtaa mzima ulimwita Mkunga. Alikuwa amestaafu, lakini ukunga haukumstaafu, maana hakuna wiki iliyopita bila mwanamke mwenye tumbo kubwa kuketi barazani kwake akingoja kupapaswa. Mimi nilimwita Eeddo, ndiyo shangazi kwa Kisomali, naye akaniita Eeddo vilevile, kwa kuwa Wasomali wana desturi nzuri: shangazi humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa. Mwanzo nilidhani ananitania. Baadaye nikazoea, na nikaanza kuona fahari.

Mimi ni mtu wa Lamu, mwalimu wa shule, na Garissa nililetwa na barua ya uhamisho. Sifichi kwamba nilikuja nikitetemeka. Niliogopa barabara, niliogopa joto, niliogopa hata wale korongo wakubwa wenye vipara wanaosimama juu ya miti na kukutazama kama wenye nyumba. Mama yangu alilia siku tatu. Kwa hiyo nilipomwona mwanamke yule anayeheshimiwa na kila mtu akipapasa ardhi kwa woga namna ile, nilijipa moyo kwamba angalau sitakuwa mwoga peke yangu mtaani.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Kisukari kilikuwa kimemkaa miaka mingi, kikamla hisia za nyayo zote mbili, hata ukimchoma kwa sindano hajui. Miaka miwili kabla sijafika alikanyaga mbigili uani kwake, ile miiba midogo yenye pembe inayotambaa chini. Hakusikia kitu. Siku tatu alitembea nayo ndani ya nyama, akaswali nayo, akaenda harusini nayo. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha hospitali, P yake ikiwa B na V yake ikiwa F, kwamba mwiba haukumwambia neno. Harufu ndiyo iliyomwambia. Vidole viwili vikaenda. Na daktari alimwapia kwamba mara nyingine haitakuwa vidole, itakuwa mguu.

Basi mtu mwenye akili, ungesema, angevaa viatu na kukaa navyo mpaka kaburini. Ndivyo alivyoamriwa, na ndivyo alivyowaamuru wengine. Nilimsikia kwa masikio yangu akimgombeza mzee mmoja mwenye kisukari aliyepita barabarani na ndara iliyokatika, mpaka mzee akaomba radhi. Lakini yeye mwenyewe, baada ya vidole kukatwa, ndipo alipoingia kupanda ukoka. Alitoa vipande vyake ukingoni mwa mto Tana, akavibeba kwenye beseni na kuvipachika kimoja kimoja, akavinywesha kwa maji ya udhu, maji ya kuoshea mchele, maji yoyote yasiyo na sabuni. Alitaka mahali pamoja tu duniani pa kutembea bila viatu. Nilimuuliza faida yake nini na nyayo hazisikii. Akaniambia nyayo hazisikii, ila magoti yanasikia: yakipita juu ya nyasi yanajua ni laini, na habari ile inapanda mpaka kiunoni. Mtu asiyekanyaga ardhi, alisema, ameshapandishwa kwenye jeneza, bado kubebwa.

Watu walimcheka. Garissa ni nchi ya mifugo, na nyasi ambazo mbuzi haruhusiwi kula ni jambo la kuchekesha, karibu na dhambi. Wazee wakipita kutoka msikitini walichungulia juu ya ukuta na kumuuliza anamnonesha nani. Aliyemtania kuliko wote alikuwa mama wa maziwa, jirani wa upande wa pili, aliyemletea maziwa ya ngamia kila asubuhi tangu enzi ambazo mimi nilikuwa bado sijui kusoma. Mama huyu alifuga mbuzi sita nyuma ya nyumba, na mmoja wao, jike jeupe lenye sikio moja lililochanika, aliwahi kuingia na kula robo ya ukoka kabla hajafukuzwa. Walinuniana siku moja. Siku ya pili maziwa yalikuja kama kawaida.

Kutunza ukoka kwenyewe alikujua kuliko mabwana shamba. Hakuruhusu ukatwe mfupi, maana ukoka mrefu kiasi huinyima mbegu ya gugu jua lake. Hakunywesha kidogo kidogo kila siku. Alinywesha sana, kisha akaacha mpaka nyasi ziombe. Gugu la ndago hakuling'oa kwa majani, kwa kuwa chini ina vifundo, na ukivuta jani unaacha vifundo vinavyozaa ukoo mzima. Alilichimbua kwa kisu cha jikoni na kuvihesabu vifundo kama anavyohesabu kondo la nyuma limetoka zima au limebaki kipande. Gugu lolote likitoa ua kabla hajaliona, siku hiyo hakula vizuri. Dawa ya kupulizia aliikataa. Alisema ngozi isiyosikia mwiba haitasikia sumu pia.

Na kwa gugu la kawaida alikuwa na utaratibu mmoja tu: maji, subira, mzizi. Unalimwagia maji shinani, unakaa kando mpaka udongo ulegee, ndipo unalivuta polepole, nalo linatoka na mzizi wake wote. Mimi nilikuwa mtu wa kunyofoa. Alinipiga kofi mkononi mara nyingi.

"Bole bole, Eeddo. Mtoto hafutwi kwa haraka, na gugu hafutwi kwa haraka. Ukikata kichwa, yeye nakasirika, narudi na ndugu yake."

Haraka ndiyo iliyoniponza baadaye, kwa hiyo naomba neno hilo likumbukwe.

Msidhani alikuwa mwoga wa kila kitu. Siku moja nyoka aliingia uani, mweusi, mrefu, akateleza kando ya pipa la maji. Mimi nilikuwa juu ya meza kabla sijajua nimepandaje. Mkunga alichukua ufagio wa mti, akambana shingo, akaniagiza nimletee panga, na nilipokataa kushuka akajinyoosha akalichukua mwenyewe ukutani huku kamkanyagia ufagio. Alimmaliza akiendelea kunisimulia habari za mwanamke aliyemzalisha ndani ya pikapu iliyokwama kwenye matope baada ya Habaswein, usiku kucha, mvua ikinyesha, bila taa. Hakutokwa hata na jasho. Kisha, jioni ile ile, aliona ua dogo la manjano pembeni mwa ukoka. Mbigili. Aliketi chini pale alipokuwa, na mikono ile iliyotoka kuua nyoka ikashindwa kufunga kilemba chake vizuri. Nililing'oa mimi, kwa maji na subira, nikamwonyesha mzizi. Hakuweza kuuangalia.

Kwa wanawake waliokuja kupapaswa alikuwa na msemo mmoja aliojifunza kwa wauguzi wa kutoka pwani, na aliupenda sana: mficha uchi hazai. Aliusema kwa binti mwenye haya, kwa mama anayeficha kwamba anatokwa damu, kwa mume anayedanganya amekosa gari. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mfichaji hodari. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Wajir, na nilimsikia akimwambia kwa simu kwamba palipokatwa vidole palipona zamani, tena kwa sauti ya furaha, huku kovu likiwa limefunguka wiki ile na nguo ya kidonda ikifuliwa. Nikamkumbusha msemo wake. Akasema msemo ule ni wa wagonjwa.

Binti huyo ndiye aliyemtoa Garissa. Alijifungua, na kwa desturi yao mzazi hukaa ndani siku arubaini akihudumiwa, na nani wa kumhudumia mtoto wa mkunga kama si mkunga? Aliondoka na gari la asubuhi la Wajir, mikoba mitatu, akaniachia ufunguo wa geti na ukoka. Alinishika mkono akaufunga kwenye mikono yake miwili. Hakuniambia chunga nyumba. Aliniambia chunga chini.

Nilichunga. Lakini kiangazi kile kilikuwa kikali, mabomba yalikauka juma zima, na maji ya mkokoteni wa punda yalitosha kunywa na kuoga kwa kubana. Ukoka ukaanza kuwa wa manjano, kisha rangi ya mkeka mkuukuu. Nilikuwa silali kwa hofu. Nilimwona akirudi, akisimama getini, akiutazama ule mkeka uliokufa. Hapo nikakumbuka kwetu. Bibi yangu Lamu, akiona mchicha umedhoofika, alikuwa na dawa moja, samadi, naye hakuwahi kushindwa. Samadi ni samadi, nilijiambia. Nikaenda soko la mifugo, nikarudi na magunia mawili ya samadi ya mbuzi, kavu, safi, nikaisambaza juu ya ukoka wote kwa mikono yangu. Siku tatu baadaye maji yakarudi bombani nami nikanywesha usiku na mchana.

Mama wa maziwa aliniona kupitia tundu la ukuta. Alisema kitu kwa Kisomali na kutikisa kichwa. Nilidhani anacheka kama siku zote.

Ukoka ulirudi kijani ambacho hata Mkunga mwenyewe hakuwahi kukipata. Alipofika kutoka Wajir, hakuingia ndani kwanza. Alipiga magoti pale pale na nguo zake za safari, akapapasa mikeka yote minne, akavua ndara, akatembea. Kisha akanijia akanibusu paji la uso. Nilijisikia mtu wa maana katika mji ule kwa mara ya kwanza. Sikumtajia samadi. Siyo kwamba nilificha. Niliona tu kwamba sifa ni tamu zaidi isipoelezwa.

Siku ya nne au ya tano tangu arudi nikaona miche. Midogo, majani mawili manene, kisha vijani vyembamba kama vya mkwaju. Nikafurahi, kwetu mikwaju ni baraka. Niling'oa mmoja nikamwonyesha mzee wa mkokoteni aliyetuletea maji. Hakuushika. Aliuliza umetoka wapi, nami nikacheka, nikamwambia umeota kwenye nyasi.

"Mwalimu," alisema, "hii ni mathenge. Mbuzi anakula tunda, meno yanaoza, lakini mbegu haisagiki. Inatoka nyuma nzima, tena na mbolea yake."

Kama hujaishi kule, mathenge ni mti ulioletwa zamani kuzuia mchanga, ukaona mchanga ni kazi ndogo ukaamua kuimeza nchi. Umefunga njia za mto, umefunga malisho. Mwiba wake unatoboa kandambili ya tairi, unatoboa tairi lenyewe. Mwiba wa mathenge ukimwingia hata mtu mwenye afya, anaugua. Nami nilikuwa nimeupanda kwa magunia mawili chini ya nyayo za mtu asiyesikia. Mzee wa mkokoteni aliondoka na punda wake. Mimi nilibaki nimesimama getini, na sikumbuki nilivyofika chumbani.

Ningemwambia siku ile ile, hadithi hii ingekuwa fupi. Nilimwogopa. Si kwamba angenipiga. Niliogopa kuiona sura yake ikibadilika, niliogopa kurudi kuwa mgeni. Nikajiambia nitaimaliza kimya kimya. Mkunga alitoka uani jua likiwa limechomoza, baada ya uradi na chai. Mimi nikawa natangulia alfajiri, mara tu baada ya swala, naruka ukuta mfupi wa kati yetu kama mwizi, nachuchumaa, nanyofoa. Kumi, ishirini, thelathini. Hapakuwa na muda wa maji, hapakuwa na subira. Niliposikia kikohozi chake ndani nilikuwa nimesharudi kwangu, miche imejaa mfukoni. Na kila asubuhi nilisimama dirishani kumwangalia akitembea, hatua kumi na hatua kumi, nikihesabu pamoja naye kwa midomo. Chai yangu ilikuwa inapoa tena.

Kitu nilichokuwa nafanya ni kile alichonikanya. Nilikuwa nakata vichwa. Mathenge ukiukatia juu ya shingo, shina linabaki chini, linakasirika, linachipua matatu pale palipokuwa na moja, na vile vipya vinakuja na miiba mapema. Ukoka mzuri mrefu uliyafunika yale mashina. Juu palikuwa kijani kitupu.

Kiganja chake ndicho kilichokutana nayo kwanza. Nilimwona amesimama ghafla katikati ya kupapasa, kama anapogundua mtoto amekaa vibaya. Akafumbua macho. Kwenye kiganja kulikuwa na tone la damu. Alizitenganisha nyasi kwa vidole, akatazama kwa muda mrefu, akaniita. Aliniuliza mathenge imeingiaje kwake.

Nikasema labda mbuzi waliruka ukuta alipokuwa Wajir. Nilisema hivyo hivyo, labda, wala sikumtaja mbuzi wa nani. Hakukuwa na haja. Asubuhi iliyofuata mama wa maziwa alipogonga geti, Mkunga hakufungua. Siku ya pili pia hakufungua. Nilisikia sauti zao juu ya ukuta, Kisomali cha haraka, mama wa maziwa akiapa, Mkunga akijibu kwa maneno mafupi. Maziwa ya miaka ishirini na kitu yalikatika kwa sababu ya neno langu moja, na mimi nilikuwa ndani nasahihisha insha za watoto kuhusu ukweli.

Hata hapo sikusema. Mwongo akishachimba, huona aibu kutoka shimoni.

Tulianza kung'oa pamoja, yeye na mimi, kwa maji na kwa kisu, mkeka baada ya mkeka. Akaamini tumemaliza mitatu. Nilimsihi asitembee bado. Alisema amepapasa mara mbili, na kwamba kama ataacha kuviamini viganja vyake basi hana kitu kingine cha kuamini. Akavua ndara.

Nilikuwa nafua uani kwangu. Nilimwona akimaliza, akipanda barazani, akienda kuchukua birika. Alikuwa anaimba kitu puani. Na nyuma yake, juu ya saruji nyeupe ya baraza, niliona nyayo. Wayo wa kulia haukuwa na damu. Wa kushoto, wenye vidole vitatu, ulikuwa umeacha doa jekundu, na doa, na doa, kila hatua, mpaka aliposimama. Yeye anaimba.

"Eeddo, simama hapo," nilisema. "Usisogee."

Alinitazama usoni kabla ya kutazama chini. Nadhani alijua. Alijishika kwenye nguzo ya baraza akaketi taratibu, akainua mguu, akaugeuza. Mwiba ulikuwa umezama kisiginoni karibu wote. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ndogo sana kwamba hausikii, kwamba hata sasa hausikii kabisa.

Zahanati walimtoa mwiba, wakamwosha, wakampa dawa, wakasema turudi kila siku na tungoje wiki mbili. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Nililala kwake, juu ya godoro chini, kando ya kitanda chake. Kila jioni kabla ya magharibi nilifungua bendeji, na yeye akageuza uso ukutani. Hakuniomba niangalie, kwa kuwa mara ya kwanza macho hayakumsaidia. Alisema neno moja tu.

"Nusa."

Nami nainama, nanusa kisigino cha mwanamke mwenye umri wa mama yangu, na kabla pumzi haijaingia roho yangu imeshatoka. Namwambia dawa tu, Eeddo, nasikia dawa tu. Anashusha pumzi. Kesho tena.

Jioni ya sita nilinusa, nikamwambia dawa tu, kisha mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Nikasema si mbuzi. Nikasema ni mimi, nilimwaga samadi, nikaona miche, nikainyofoa kwa siri kila alfajiri. Nikasema yote mpaka mbuzi mwenye sikio lililochanika. Alikuwa bado ameelekeza uso ukutani. Aliuliza samadi ya sokoni? Nikasema ya sokoni. Magunia mangapi? Nikasema mawili.

"Samadi nimesamehe," alisema, "wewe hakujua. Lakini wewe naona mathenge kwa macho, halafu wewe nanyamaza, na mimi nakanyaga."

Nililia, naye hakunibembeleza. Baadaye aligeuka akasema kuna kazi mbili. Ya kwanza, kesho asubuhi niende kwa mama wa maziwa, nisimame mlangoni, niseme kwa mdomo wangu. Ya pili itakuwa siku kidonda kikifunga.

"Siku hiyo wewe natangulia. Bila fiatu. Mguu yako nasikia."

Kwa mama wa maziwa nilikwenda. Alinisikiliza akikamua, hakusimama, na nilipomaliza aliniambia kwamba siku ile penye tundu la ukuta alisema mwalimu anapanda kifo. Hakujua sielewi Kisomali. Asubuhi iliyofuata maziwa yaligonga geti.

Kidonda kilifunga siku ya kumi na tisa. Kuanzia hapo, kwa karibu mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya shule nilivua viatu na kutembea juu ya ukoka ule, polepole, kisigino mpaka kidole, naye nyuma yangu akikanyaga nilipokanyaga. Kila hatua niliiogopa. Nilichomwa mara nyingi, na utanisamehe nikisema kila nilipochomwa nilifurahi, maana mwiba umenipata mimi. Ninasema mwiba, anasimama, tunamwaga maji, tunangoja, tunang'oa. Miche ikapungua. Katika kungoja kule ndiko alikonisimulia mengi ya haya niliyoyaandika.

Kisha barua ikaja tena, nikapelekwa shule ya Habaswein, mbali kaskazini, njia ya Wajir. Nilipomuaga hakuuliza nani atatangulia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilimpigia simu kila Ijumaa. Kila Ijumaa nilimuuliza mguu, na kila Ijumaa akanijibu kwa sauti ya furaha kwamba alhamdulillahi, mguu upo. Ningepaswa kuijua ile sauti. Nilishaisikia ikitumika kwa mwingine.

Likizo ya Agosti nilishuka Garissa. Geti lilikuwa limeegeshwa. Niliogopa kulisukuma kuliko nilivyoogopa barabara ile yote. Kwenye kizingiti cha mlango wake, mahali pa viatu, palikuwa na kiatu kimoja cha kulia, cheusi, kizuri, cha kufunika. Kimoja.

Alikuwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, shuka limelala mapajani, na chini ya shuka upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Aliniona ninavyoangalia akacheka kidogo. Alisema mficha uchi ni yeye, nisimkumbushe. Halafu alinieleza bila kuficha tena. Nilipoondoka hakupata wa kumtangulia. Mama wa maziwa alijitolea, lakini nyayo zake ni ngumu kama kwato, hata msumari hausikii. Basi akaacha kutembea kwenye ukoka. Akawa mgonjwa mtiifu. Binti yake akamletea viatu kutoka Wajir, laini, vya watu wa kisukari, akavivaa asubuhi mpaka usiku. Mshono wa ndani ukamchubua kisigino, pale pale penye kovu. Alikuwa anavizia mwiba, akili yake yote iko kwenye mwiba, kiatu hakukifikiria. Harufu ndiyo iliyomwambia.

Nililishika lile shuka nikashindwa kuliachia. Nikamwambia ningebaki. Akasema serikali haingojei mguu wa mtu, na kwamba nisiketi, kuna kazi. Ukoka ulikuwa kijani. Mama wa maziwa aliunywesha kila jioni, yeye na matani yake. Mkunga alikisogeza kiti mpaka ukingo wa baraza, akafumba macho, akaiweka mikono juu ya goti moja lililobaki.

"Fua fiatu, Eeddo. Tembea. Niambie inasikia aje."

Nikavua. Nikamwambia ni baridi kidogo, maji ya jana jioni bado yapo. Nikamwambia hapa ni laini, hapa pamekaa kama godoro, hapa udongo umezama kidogo, patahitaji mchanga. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kiuno kikimcheza kidogo kitini kama mtu anayetembea. Mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso wake ulikuwa umefunguka, na mimi nikajua sijamletea zawadi nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Kwenye mkeka wa nne, karibu na ukuta, kitu kikanichoma. Ulikuwa mmoja tu, mdogo, wa zamani, uliojificha. Hakuna ambaye angetembea pale tena. Ningeweza kupita na kumwambia laini.

"Eeddo," nikasema, "hapa kuna mwiba."

Alifumbua macho, akanyoosha mkono kando ya kiti akaliokota birika la udhu, akanielekezea. Nililichukua, nikamwaga maji shinani, nikachuchumaa kungoja udongo ulegee.